Tusiishie kuuliza "una cheti?"

Mhariri,

Kila Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapotangaza kukamata dawa tiba zenye asili ya kulevya, mazungumzo huelekea bandarini, mipakani na kwenye maghala. Ni sawa yaende huko. Lakini iko njia nyingine, ndogo na ya kila siku: kidonge kimeingia nchini kihalali, famasi imekinunua kihalali, kisha kikatoka dirishani kwenda kwa mtu asiyepaswa kukipata, au kwa mtu sahihi lakini kwa idadi isiyo sahihi. Hapo hakuna askari. Yupo mfamasia na foleni yake.

Wafamasia wengi tunaamini tumemaliza kazi tukishauliza "una cheti?", yaani karatasi ya daktari iliyoandikwa dawa. Hatujamaliza. Mwenye cheti halali anaweza kutumia dawa vibaya, na asiye na cheti anaweza kuwa mgonjwa wa kweli ambaye akifukuzwa dirishani atapata degedege kesho yake. Swali linaloziba mwanya ni la hesabu: vidonge vingapi, kwa siku ngapi, tangu lini.

Tuanze na diazepamu, ambayo watu wanaiita Valium hata kopo likiwa na jina jingine. Ni dawa nzuri. Inakata degedege, inalegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda, inamtuliza mlevi anayetetemeka siku ya pili baada ya kuacha pombe. Kwa kukosa usingizi na kwa hofu, inatakiwa itumike kwa muda mfupi, wiki mbili hadi nne ndiyo ukomo, kwa sababu ubongo huizoea. Baada ya wiki chache kidonge kimoja cha miligramu 5 hakileti tena usingizi ule wa mwanzo, mtu anaongeza cha pili. Akiacha ghafla, hofu aliyokuwa akiitibu inarudi na nguvu kuliko mwanzo, naye anadhani ugonjwa umezidi kumbe mwili unaidai dawa. Watumiaji wa heroini wanaijua hali ya namna hiyo na wanaiita arosto. Mama wa miaka 60 anayeipata kwa sababu ya diazepamu hana jina la kuiita, kwa hiyo anarudi dukani kununua tena.

Tena dawa hii haitoki mwilini haraka. Ini likiivunja, hubaki kemikali nyingine ambayo nayo inafanya kazi ileile na huchukua siku kadhaa kupungua hata nusu. Kilichomezwa Jumatatu bado kipo Alhamisi. Kwa mzee anayemeza kila usiku dozi hupandiana, ndiyo maana anayumba akienda chooni alfajiri, anaanguka, anavunjika nyonga, na nyumbani wanasema ni uzee.

Sasa tukiangalie cheti chenyewe. Daktari ameandika diazepamu 5 mg, nocte, 1/52. Maana yake ni kidonge kimoja usiku kwa wiki moja, yaani vidonge saba. Ile 1 ikiongezwa mistari miwili inakuwa 4, na vidonge saba vinakuwa 28. Anayesoma haraka haoni kitu. Anayekisogeza cheti kwenye mwanga huona wino wa aina mbili, au 4 iliyojibana na mkwaju (/), au muda usiofanana na kawaida ya daktari yule. Kinga yake haina gharama: daktari aandike idadi kwa tarakimu na kwa maneno, "7, saba", kisha apige mstari chini ya dawa ya mwisho ili nafasi tupu isiongezewe kitu. Na pale panapoandikwa "prn", yaani itumike inapohitajika, aongeze ukomo wa siku na wa vidonge. "Inapohitajika" bila ukomo ni ruhusa ya kumeza kila mara moyo ukishtuka.

Kwa upande wetu, cheti kikishahudumiwa kigongwe muhuri juu ya mstari wa dawa yenyewe, si nyuma ya karatasi, na iandikwe tarehe na idadi iliyotoka. Kama ni nusu, iandikwe nusu. Cheti kinachorudishwa kikiwa safi kinaweza kutembea famasi tano kwa siku moja, kutoka Kariakoo hadi Mbagala, na kila famasi ikaamini ni ya kwanza.

Kisha kuna namna ya kuuliza. Ukianza na "cheti kiko wapi?" mtu anajihami. Ukianza na "Mama, hizi za usingizi umezianza lini?" anajibu, na jibu lake limebeba karibu kila kitu. Yanayofuata ni matatu: mara ya mwisho umemeza lini, nyumbani vimebaki vingapi, unatumia nini kingine. Hilo la mwisho liulizwe pembeni, sauti ikiwa chini, kwa sababu linagusa pombe, tramadoli ambayo ni dawa kali ya maumivu, na dawa za kikohozi zenye kodeini. Kila kimoja kati ya hivyo hulegeza upumuaji. Vikiwekwa juu ya diazepamu, mtu anaweza kulala asiamke. Hesabu nayo ifanyike palepale: aliyepewa vidonge 28 vya kimoja kila usiku tarehe 1, akarudi tarehe 15 hana hata kimoja, anameza viwili kwa siku au kuna mwingine nyumbani anavichukua. Mara nyingi mwenyewe hajui kuhusu huyo mwingine mpaka aulizwe.

Kuna dalili tunazofundishwa kuzitilia shaka: anayetaja dawa kwa jina la kibiashara na nguvu yake kabla hujamuuliza, anayekataa dawa nyingine zote zilizo kwenye cheti, anayedai kila mwezi kwamba zimepotea kwenye daladala, anayetoka mbali. Hii ya mwisho tuipime kwa uangalifu. Mtu wa Kibaha anaweza kuja Kariakoo kuchukua dawa za akili kwa sababu moja tu, hataki jirani amwone. Unyanyapaa huo ni wa kweli, na mfamasia anayemwangalia mgonjwa wa namna hiyo kama mwizi anamrudisha nyumbani bila dawa.

Dawa ninayotaka kuikalia zaidi haina kelele magazetini: benzheksoli, wengine wanaijua kwa jina la Artane. Mgonjwa anayetumia dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli, klorpromazini au sindano ya flufenazini ya kila mwezi huweza kukakamaa mwili, kutetemeka mikono, kudondosha mate, shingo kupinda upande mmoja au macho kugeuka juu yakakwama huko. Benzheksoli huyaondoa hayo, na aliyewahi kumwona kijana shingo imepinda kisha ikanyooka baada ya kupata dawa ya kundi hilo anajua thamani yake. Lakini ikimezwa kupita kiasi huleta uchangamfu wa bandia, ikizidi zaidi mtu anaona na kusikia visivyokuwepo. Kinywa kinakauka, mboni zinatanuka, moyo unakwenda mbio, mkojo unagoma, kumbukumbu zinapotea. Akifikishwa hospitali katika hali hiyo anaonekana kama ugonjwa wake wa akili umerudi. Anaongezewa haloperidoli. Kwa sababu ya haloperidoli iliyoongezwa, anaongezewa benzheksoli. Hivyo tatizo linalishwa na tiba yake yenyewe.

Dirishani jambo hili huonekana hivi. Cheti kina haloperidoli na benzheksoli, na kijana anasema, "Nipe hii moja tu, ile nyingine bado ninayo nyumbani." Mfamasia anaweza kukosea kwa namna mbili. Akimpa benzheksoli peke yake kwa mwezi mzima, vidonge 30 au 60, vingine vitauzwa kijiweni. Akimnyima kabisa, kijana anarudi kwenye haloperidoli bila kinga, shingo inapinda usiku, naye anaapa hatameza tena dawa yoyote. Wiki kadhaa baadaye ugonjwa umerudi kweli. Njia inayofaa iko katikati: atoe zote mbili kwa siku zinazolingana, siku saba tu kwanza, apige simu kliniki iliyoandika cheti aeleze alichoona, na amtake mgonjwa arudi na vifuko vyote viwili. Haloperidoli ikirudi imejaa na benzheksoli ikirudi tupu, jibu limepatikana bila ugomvi.

Hapa pia madaktari wana sehemu yao. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kumpa kila anayeanza dawa ya kichaa benzheksoli kama kinga ya kawaida. Inatakiwa itolewe dalili zinapotokea, kwa muda, kisha ipitiwe upya. Mara nyingine kinachohitajika ni kupunguza haloperidoli yenyewe. Lakini vyeti vya kliniki huwa na mtindo wa kunakiliwa mwezi hadi mwezi, na benzheksoli iliyoanzishwa miaka mitatu iliyopita inaendelea kwa sababu hakuna aliyeuliza kama bado inahitajika. Mfamasia aulize. Aulize pia inamezwa saa ngapi. Ikimezwa jioni hukimbiza usingizi, mgonjwa anaomba kitu cha kumlaza, na diazepamu inaingia kwa mlango huo.

Tena benzheksoli haimo katika orodha za Mkataba wa Kimataifa wa Dawa Zinazoathiri Akili wa 1971, wakati diazepamu imo. Famasi inayofuata orodha hiyo pekee itakuwa na daftari safi la diazepamu na haitajua benzheksoli imekwenda wapi. Hakuna sheria inayomzuia mfamasia kuiandika kwenye daftari lake mwenyewe, na ninawasihi wenzangu tufanye hivyo, pamoja na amitriptilini, dawa ya sonona, na promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi.

Nikishataja daftari niseme linavyoharibika. Safu zake zinajulikana: tarehe, jina na umri wa mgonjwa, simu, dawa na nguvu yake, idadi iliyotoka, jina na namba ya usajili ya daktari, salio. Zilikuwepo 300, zimetoka 7, zimebaki 293. Kosa ni kuliandika jioni kwa kumbukumbu. Mtu anajaza mchana wote kwa kukisia, salio linalazimishwa lilingane na kopo, na tangu hapo daftari halishuhudii tena chochote. Liandikwe kabla mfuko haujavuka dirisha. Salio lihesabiwe kila wiki na mtu asiyekuwa zamu wakati wa kutoa, na pengo likionekana liandikwe kama pengo. Makopo ya vidonge 1,000 nayo ni tatizo, kwa sababu vidonge 30 vikitolewa hayaonyeshi kitu kwa macho. Vya pakiti za kumi kumi vinajihesabu. Ni ghali kidogo, lakini mwenye famasi akinunua hivyo anajua jioni kama kuna kilichopungua. Funguo za kabati zikae kwa mfamasia aliye zamu, siyo kwenye droo ya fedha.

Nimesema asiye na cheti asifukuzwe, na sheria hainiruhusu kumpa. Kinachobaki ni kazi. Aliyemeza diazepamu kila usiku kwa miezi sita akikatiwa siku moja anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupata degedege, na kwa kuwa dawa hutoka mwilini polepole, hayo huweza kuja siku kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka chanzo. Huyo aandikiwe barua fupi ya rufaa yenye dozi anayotumia na muda aliotumia, aonyeshwe kituo cha kwenda siku hiyohiyo, na kituo kipigiwe simu kabla hajatoka mlangoni.

Daktari akikubali kumpunguzia, mfamasia ndiye anayeijua hesabu ya vidonge vilivyopo. Chukua mtu wa miligramu 10 kila usiku. Vidonge tulivyonavyo vingi ni vya 5, na nusu yake ni 2.5. Kushuka kutoka 10 hadi 7.5 ni kupunguza robo. Kutoka 7.5 hadi 5 ni theluthi. Kutoka 5 hadi 2.5 ni nusu nzima. Hatua zinaonekana sawa kwenye karatasi, ila kwa mwili kila moja ni kubwa kuliko iliyopita, na ndiyo sababu watu wengi hushindwa mwishoni, wakati kila mtu anadhani wameshavuka. Dawa yake ni kutafuta vidonge vya miligramu 2: kutoka 5 anashuka hadi 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, akikaa wiki mbili au zaidi kwenye kila ngazi, na asipopata usingizi siku mbili tatu za mwanzo asirudishwe juu kwa haraka. Apewe vya wiki moja moja, siyo vya mwezi. Kila anapokuja anaulizwa amelalaje.

Wanaotumia metadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache, wanahitaji jicho la pekee. Tangu huduma hiyo ilipoanza Muhimbili 2011, na baadaye Mwananyamala, Temeke na kwingineko, mteja kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku mbele ya mtoa huduma. Kliniki inaona metadoni, haioni diazepamu aliyoinunua mtaani njiani. Mchanganyiko huo unasimamisha pumzi. Famasi zilizo jirani na kliniki hizo ziwe na namba ya simu ya kliniki ukutani, upande wa ndani wa dirisha.

Amitriptilini nitaigusa kwa ufupi. Watu huiomba kama dawa ya usingizi kwa sababu haina sifa mbaya ya Valium, lakini ikizidi hudhuru moyo. Mgonjwa mwenye sonona nzito, hasa aliyeanza matibabu karibuni au aliyewahi kusema amechoka kuishi, apewe ya siku saba kila mara na ndugu anayeaminika akae na mfuko. Hili mfamasia anaweza kumwomba daktari hata kama halikuandikwa kwenye cheti, na familia nyingi hushukuru kuambiwa.

Nina hofu moja upande wa pili. Ukaguzi ukiwa mkali bila maarifa, mwenye famasi huona njia rahisi ni kutoweka dawa hizi kabisa. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, iko kwenye orodha ya mkataba ule wa 1971, na ndiyo hiyohiyo ambayo mtu wa Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kifafa kimekuwa kingi kwa miaka mingi, anaitegemea asianguke motoni. Ni ya bei nafuu na inamezwa mara moja kwa siku. Ikikosekana kituo cha afya na famasi ya mjini nayo ikawa imeogopa kuiweka, mgonjwa anakatika dawa ghafla, na kukatika ghafla kwa fenobabitoni huleta degedege zisizokoma. Wakaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na wa Baraza la Famasi watusaidie kwa kupima tunavyoandika na kuhesabu, wasimwone mfamasia mwenye dawa hizi kabatini kuwa mshukiwa kwa kuwa nazo tu. Kwa maduka ya dawa muhimu hali ni nyingine: yana orodha yake ya dawa yanazoruhusiwa kuuza, na mtoa dawa hana sababu ya kuweka chini ya kaunta kilicho nje ya orodha hiyo. Kazi yake ni kumtambua mtu na kumwelekeza, na hiyo ni kazi kubwa kwa kijiji kisicho na mfamasia.

Vinavyobaki nyumbani pia vinatoka kwetu. Mgonjwa amebadilishiwa dawa, au amefariki, na kwenye kabati la nguo kuna mfuko wa vidonge 40 ambao mjukuu anaujua. Kila famasi ipokee marejesho hayo, iyaandike, iyafungie kando na dawa za kuuza, na yaharibiwe kwa utaratibu wa TMDA. Kamwe yasirudi kwenye kopo. Na mfuko wenyewe tunaoukabidhi usiwe na "1x1" peke yake. Uandikwe jina la dawa, jina la mgonjwa, tarehe, "usiku tu", na siku ya mwisho ya kumeza. Mtu akiona tarehe 14 imeandikwa kwa kalamu, tarehe 15 anajua anatakiwa kurudi kwa daktari na siyo kwa muuzaji.

Ombi langu kwa madaktari na waganga wanaoandika dawa hizi ni dogo: chini ya sahihi, pamoja na namba ya usajili, wekeni namba ya simu inayopatikana saa za kazi. Mfamasia mwenye shaka na 4 iliyokuwa 1 akipiga simu hiyo saa nane mchana, mgonjwa akiwa amesimama mbele yake, anahitaji jibu la nusu dakika: ulimwandikia vidonge saba au ishirini na nane?

Mfamasia,
Dar es Salaam